Kifaranga Mwenye Manyoya Yasiyo ya Kawaida

Kifaranga aliyeota manyoya yaliyopinda kuelekea kichwani huzua maneno kijijini, na Maneromango wilayani Kisarawe si tofauti. Mara nyingi huyo ni kidimu tu. Amerithi manyoya hayo kwa wazazi wake, kama kishingo anavyorithi shingo tupu. Si mgonjwa, na nyama yake ni salama.

Mashaka huanza pale vifaranga wa rika moja, wana wa kuku wa kawaida, wanapofikisha wiki nne au tano wakiwa nusu uchi, au mabawa yao yakichomoza ubavuni badala ya kulala. Hapo cha kuchunguzwa kwanza ni chakula. Unyoya, kwa takribani sehemu tisa katika kumi, ni protini iitwayo keratini, ambayo haijengeki bila viini vyenye salfa kama methionini. Mihogo, zao kuu la Kisarawe, hushibisha, lakini protini yake ni haba mno. Kifaranga huhitaji karibu asilimia 20 katika mlo wake. Aliyefungiwa bandani akalishwa makapi ya mihogo hana pa kuipata. Anayechakura akaokota mchwa na panzi huwa na nafuu. Upungufu wa zinki na wa baadhi ya vitamini B huleta sura hiyohiyo, na vivyo hivyo virusi vinavyozuia utumbo kufyonza chakula.

Kumimina antibaiotiki katika maji ya kuku, desturi iliyoenea mno, hakuoteshi unyoya hata mmoja. Huacha mabaki katika nyama na kuzoesha vijidudu dawa ambazo binadamu pia huzitegemea. Afisa mifugo wa kata ndiye wa kuulizwa.

Mhudumu wa afya anayetembelea kaya naye ana sababu ya kuchungulia bandani. Nywele za mtoto hujengwa kwa keratini pia; mwenye kwashakoo nywele zake huwa nyepesi, hupauka na kung'oka kwa urahisi. Panapoliwa mihogo mitupu, sebuleni na bandani, yafaa kuuliza mtoto alikula nini jana. Dagaa wakavu waliosagwa huwafaa wote wawili.

Mahindi yaliyoota ukungu yasitupiwe kuku kwa nia ya kuokoa hasara. Sumu za kuvu nazo huharibu manyoya, na sumukuvu huweza kubaki katika maini na mayai yatakayorudi mezani. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara.