Sur kama Msingi wa Utunzi katika Risalo ya Shah Abdul Latif

Risalo ni mkusanyo wa tungo za Shah Abdul Latif (1689–1752), mshairi wa Kisufi wa Sindh, ambayo leo ni mkoa wa Pakistani. Huchapishwa na kusomwa kama diwani. Makala haya yanashikilia kwamba usomaji huo huiacha nje sehemu kubwa ya kazi yenyewe.

Tungo hizo zimepangwa kwa sur. Neno hilo halilingani sawasawa na bahari wala mahadhi: bahari hutambulika kwa kanuni za umbo, na mahadhi yaweza kubadilishwa shairi likabaki lilivyo, ilhali sur hufunga pamoja raga, maudhui na hali ya moyo. Baadhi huitwa kwa jina la raga, kama Kalyan. Nyingine kwa jina la shujaa wa kike wa ngano za Sindh, kama Marui au Sohni. Mchanganyiko huu waweza kudhaniwa kuwa kasoro ya upangaji, lakini kisa cha Sasui kinapinga dhana hiyo. Sasui anamfuata kwa miguu, jangwani na milimani, mumewe Punhun aliyechukuliwa na nduguze kuelekea Kech. Kisa hiki kimoja kimeenea katika sur tano. Kama sur ingekuwa kichwa cha habari tu, moja ingetosha. Matukio msikilizaji huyajua tayari. Kinachogeuka ni namna ya huzuni, na katika Husaini huzuni hiyo imekuwa maombolezo.

Ndani ya sur, beti ziitwazo bait hufuatana, kisha wai, wimbo wenye kiitikio, hufunga fungu. Katika mshororo wa mwisho wa bait, kina huwekwa mara nyingi katikati. Msomaji huona mwisho usio na kina; msikilizaji huwa amekwisha kukipokea.

Kwenye kaburi la Latif, huko Bhit Shah, mafakiri huimba Risalo usiku kwa danburo, ala ya nyuzi tano, wakipokezana sauti nzito na sauti nyembamba ya juu. Waimbaji ni wanaume, lakini sauti hiyo ya juu ni ya Sasui na wenzake, kwa kuwa nafsi imtafutayo Mungu imepewa hapa umbo la mwanamke. Chapa ya kwanza, ya Ernest Trumpp (Leipzig, 1866), haikuweza kuibeba sauti hiyo, wala zilizofuata. Kwa hiyo uchambuzi wa uhusika wa kike katika Risalo hauna budi kuuchukua uimbaji wa Bhit Shah kuwa data ya msingi, sambamba na matini.