Kumhamisha Paka Pamoja na Harufu Yake

Kumtafutia paka makao mapya ni kazi inayoharibika mara nyingi, si kwa kukosa huruma kwa wafugaji, bali kwa kuwa wengi humchukulia paka kana kwamba ni mbwa mdogo amfuataye mtu popote aendapo, ilhali kwa paka kitu cha kwanza ni mahali. Mashavuni mwake mna tezi, yaani viungo vidogo vinavyotoa majimaji yenye harufu, na kila anapojisugua kwenye mguu wa meza au mwimo wa mlango huacha alama ambayo pua ya binadamu haiitambui. Eneo lenye alama hizo ndilo himaya yake, na akitolewa humo ghafla hupoteza kila kitu kilichomwambia kwamba yuko salama.

Ndiyo maana ile tabia ya kumtia paka kwenye kiroba na kumwacha karibu na soko la samaki, kwa hoja kwamba hapo hatakosa utumbo na vichwa vya samaki, ni ya kikatili kuliko inavyoonekana, kwani eneo hilo tayari lina wenyewe, yaani paka shume, madume wakubwa wasio na mfugaji, ambao humpokea mgeni kwa meno na kucha. Katika miji ya pwani, ambako wengi huijua Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie, ni nadra mtu kuthubutu kumuua paka. Ajabu ni kwamba kumtupa hakuhesabiwi kuwa dhambi ya aina ileile.

Kabla ya kutafuta mpokeaji, yafaa sababu yenyewe ipimwe, kwa kuwa sababu nyingine hazina uzito. Mjamzito, kwa mfano, huambiwa na jamaa zake amwondoe paka kwa hofu ya toksoplasmosisi, ugonjwa wa kijidudu kinachozaliana katika utumbo wa paka, kikatoka na kinyesi, na kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Hofu hiyo ina msingi, lakini mayai ya kijidudu hicho huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili wa paka kabla ya kuweza kuambukiza, hivyo mtu mwingine wa nyumbani akitupa mchanga wa choo cha paka kila siku, hatari hupungua sana, ilhali nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa huweza kuambukiza hata katika nyumba isiyo na paka.

Safari ya kuhamia ng'ambo ni sababu nzito zaidi. Umoja wa Ulaya humtaka paka anayetoka Kenya au Tanzania awekewe chipu, kidude kidogo kama punje ya mchele kinachopandikizwa chini ya ngozi kikiwa na namba ya utambulisho, kisha achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao, licha ya jina lake, humpata paka vilevile; zikipita angalau siku 30 damu yake hupimwa, halafu husubiriwa miezi 3 tangu damu hiyo ichukuliwe. Anayeyakumbuka haya wiki mbili kabla ya safari hulazimika kutafuta mlezi kwa papara, akamkabidhi paka wake kwa yeyote aliyetangulia kusema ndiyo.

Mlezi hupimwa kwa maswali: kama mwenye nyumba anaruhusu wanyama, ni nani atakayemlisha paka familia ikienda kijijini, na kama humo ndani hutegwa sumu ya panya, maana paka alaye panya aliyekufa kwa sumu naye huweza kufa. Paka mwenyewe akabidhiwe akiwa amehasiwa na ana kadi ya chanjo, kwani jike hubeba mimba kwa takriban wiki 9 tu, na aliyeomba paka mmoja hakuomba sita.

Katika makao mapya afungiwe kwanza chumba kimoja tulivu, pamoja na choo chake na kitambaa alichozoea kulalia, ambacho hakipaswi kufuliwa, kwa kuwa harufu yake ndiyo kipande cha himaya alichohama nacho. Kujificha uvunguni mwa kitanda siku za mwanzo si ugonjwa. Kukataa chakula zaidi ya siku moja au mbili ni jambo la kumpeleka kwa daktari wa mifugo, kwa sababu ini la paka asiyekula hujaa mafuta na kushindwa kufanya kazi. Asifunguliwe nje kabla ya wiki tatu au nne, na ikiwa makao mapya hayako mbali na ya zamani, majirani wa zamani waombwe wasimlishe akirudi, bali wamwite mlezi mpya, kwani sahani moja ya dagaa mlangoni pa zamani hutengua kazi ya wiki hizo zote.