Pikipiki Inapolia: Tuisikilize Kabla ya Kuipanda



Ndugu wasomaji, waliokulia Unguja wanaukumbuka mlio wa Vespa. Fundi hodari alikaa barazani, na kabla mwenye chombo hajazima, alikwisha jua injini ina maradhi gani. Hapa London kijana wa miaka 17 akipata leseni ya muda na cheti cha CBT huruhusiwa kupanda pikipiki ya hadi CC 125, na wengi wetu twawajua vijana wanaopata riziki kwa kupeleka vyakula majumbani. Sikio la yule fundi, hata hivyo, hatukuwarithisha.

Tunacho kisa cha karibu. Kijana mmoja wa jamaa zetu alinunua pikipiki iliyokwisha tumika. Alipokwenda kuitazama alikuta imekwisha pashwa moto, nayo ikanguruma kwa upole. Kesho yake asubuhi, ilipokuwa baridi, ikagonga. Akasema itazoea. Wiki ya tatu injini ilikwama ghafula barabarani, gurudumu la nyuma likajifunga, naye akaanguka. Alhamdulillahi, nyuma yake hapakuwa na gari. Lakini fedha za kodi ya nyumba zilikwenda kwa fundi.

Anayetaka kujua maradhi ya injini aanze kwa kuuliza: mlio unakuja wakati gani? Na aiwashe asubuhi, ikiwa baridi kabisa, mahali pa wazi, kwa kuwa moshi wake una sumu isiyo na harufu. Kabla ya hapo apime oili, maana upungufu wake huzaa milio mingi.

Mlio mwembamba wa tiki-tiki juu ya injini mara nyingi hutoka kwenye valvu ambazo nafasi yake imezidi. Katika injini ya mipigo minne valvu hufunguka mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki, basi mlio wake huenda nusu ya mwendo wa injini. Hauna haraka, lakini fundi aurekebishe. Mlio unaofanana nao hutokea bomba la moshi likivuja penye silinda. Huo huacha weusi kwenye kiungo.

Mchakacho kama wa mnyororo unaotikiswa ndani ya debe, hasa wakati wa kuwasha au kuachia mafuta, hutufanya tuishuku cheni ya ndani inayoendesha valvu, au kikazio chake. Cheni hiyo ikiruka meno, valvu zaweza kugongana na pistoni. Nao mlio wa kokoto wakati wa kupanda kilima huonyesha kuwa petroli inawaka ovyo ndani ya silinda, pengine kwa joto la kupita kiasi au masizi.

Wa kuogopwa kuliko yote ni mlio mzito, du-du-du, chini ya injini, unaozidi kila mafuta yanapoongezwa. Hiyo ni dalili ya kulika kwa beringi za konrodi. Mwenye kuusikia azime papo hapo, wala asiseme, "Nitafika nyumbani."

Kuna na mlio unaofuata mwendo wa magurudumu hata klachi ikibanwa. Huo haumo ndani ya injini. Itazamwe cheni ya nje na beringi za magurudumu.

Wengine hutegemea cheti cha MOT, kinachotakiwa kila mwaka pikipiki ikishatimiza miaka 3. Cheti hicho hakishuhudii hali ya injini, klachi wala giaboksi. Anayenunua na afike bila ya haraka, aweke mkono karibu na injini kabla haijawashwa, na akiikuta ya moto, aombe kurudi siku nyingine.

Na sisi tunaouza je? Mtume wetu (s.a.w.) alipita penye rundo la chakula, akatia mkono ndani, akakuta umajimaji chini yake. Alimkemea muuzaji kwa kutouweka juu watu wauone. Anayepasha injini moto ili mnunuzi asisikie inavyogonga ameficha maji chini ya nafaka kavu, na tofauti ni kwamba nafaka hii hupandwa na mtoto wa mwenziwe katika barabara yenye malori.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mama wengi miongoni mwetu hawapati usingizi mpaka waisikie pikipiki ikiingia mtaani. Mlio huo wanaujua kuliko wanavyodhani. Siku watakapousikia umebadilika, na waulize asubuhi, kabla kijana hajavaa kofia yake na kutoka.

Wabillahi tawfiq.