Mfadhili Akiondoka, Shambani Hubaki Nini?

Wakulima wa skimu wanajua sana tofauti ya mkopo na zawadi. Mwaka 1962 serikali ilipoanza mpango wa kugawa ekari milioni moja za mashamba ya walowezi, watu waliokwenda Ndalu, Tongaren na Naitiri hawakupewa ardhi bure. Walipewa mashamba kwa mkopo, nao wakalipa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Tangu siku hizo wageni wengi wamefika Kitale na Bungoma wakiwa na mbegu, miche, ng'ombe wa maziwa na fedha. Wengine waliondoka na kazi yao ingali inaonekana. Wengine waliondoka na kilichobaki ni kibao cha bati kando ya barabara.

Mwezi huu twataka kueleza habari za wakfu. Wakfu ni mali ambayo mtu ameitenga ili iwafae watu wengine. Huwa na wadhamini wake na kanuni zake. Kwa desturi ya zamani, mali yenyewe haikuguswa. Kilichotumika ni faida yake tu, kama vile mtu anywavyo maziwa bila kumchinja ng'ombe. Sasa desturi hiyo inabadilika, na yafaa mkulima ajue, kwa sababu mabadiliko hayo yatafika mpaka langoni kwake.

MAHINDI YA KITALE

Tuanze na mahindi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mtaalamu wa mahindi wa kituo cha utafiti cha Kitale, Bwana M. N. Harrison, alikwenda Amerika ya Kati na Kusini kutafuta mbegu. Alisaidiwa na wakfu wa Rockefeller, ulioanzishwa Marekani mwaka 1913. Mojawapo ya mbegu zilizoletwa iliitwa Ecuador 573. Ilipochanganywa na mbegu ya hapa, Kitale Synthetic II, ikapatikana haibridi ya 611, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1964. Katika majaribio ilizaa kiasi cha asilimia 40 zaidi ya ile ya zamani.

Angalia jambo hili: wakfu ule haukuleta unga wa kugawa. Ulisaidia kazi ya kituo ambacho kilikuwa hapa tayari. Kazi ya kuzalisha na kuuza mbegu ikafanywa na Kenya Seed, kampuni iliyoanzishwa papa hapa Kitale mwaka 1956. Fedha ya safari iliisha zamani, lakini kituo kipo, kampuni ipo, na mbegu ziko madukani.

MITI NA UDONGO

Mwaka 1983 wasomaji wa gazeti moja la Sweden, jina lake Vi, walichanga fedha ili miti ipandwe Pokot Magharibi, kaskazini ya Kitale. Mchango ule ukakua ukawa shirika la Vi Agroforestry. Baadaye wakulima wa sehemu za Kitale, Bungoma na Kisumu walifundishwa kupanda miti kati ya mimea, kutumia samadi, na kuacha mabua shambani badala ya kuyachoma.

Kisha likaja jambo jipya. Udongo unaotunzwa hivyo hushika kaboni inayotoka hewani, na kaboni hiyo ikaanza kuuzwa. Benki ya Dunia ilikuwa mnunuzi kwa mfuko wake maalumu, na Januari 2014 hati za kwanza zilitolewa, za tani 24,788. Basi kazi iliyoanza kwa sadaka ikawa pia biashara. Lakini mkulima asidanganyike. Fedha ya kaboni ikigawanywa kwa maelfu ya nyumba, kila nyumba hupata kidogo sana. Faida kubwa ni udongo wenye rutuba, na huo haumtegemei mnunuzi.

MKOPO WA MBEGU NA MBOLEA

Huko Bungoma, mwaka 2006, Mmarekani Andrew Youn alianzisha One Acre Fund pamoja na familia zipatazo 40. Shirika hili halikugawa bure. Mkulima aliletewa mbegu na mbolea karibu na nyumbani, akafundishwa kupanda kwa mistari, kisha akalipa kwa awamu. Malipo ya wakulima hubeba sehemu kubwa ya gharama za kazi ya shambani, na wafadhili huongeza penye upungufu. Njia hii ina uzito wake, maana mvua ikikosa deni halikosi. Lakini mtu anayelipa ana haki ya kudai mbegu nzuri na kwa wakati, na anayepewa bure huona haya kusema neno.

MALI INAYOTUMIKA MPAKA IISHE

Sasa tufike kwenye mabadiliko makubwa. Wakfu wa Gates, ulioanzishwa Marekani mwaka 2000, ulitangaza Mei 2025 kwamba utatumia kiasi cha dola bilioni 200 katika miaka 20, kisha utafungwa tarehe 31 Desemba 2045. Yaani ng'ombe mwenyewe atachinjwa. Wakfu huo pamoja na ule wa Rockefeller ndio walioanzisha AGRA mwaka 2006, shirika la mbegu na kilimo lenye makao Nairobi. Wako wakulima wanaolisifu, na wako wanaolalamika kwamba linawafanya watu wategemee mbegu na mbolea za dukani. Yote mawili yafaa yasikiwe.

Tena, mwaka huo huo wa 2025 serikali ya Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, na kazi nyingi zikasimama ghafula. Hilo si wakfu, lakini funzo ni moja. Mwenye kutoa hukata shauri kwake, na wewe hupata habari baadaye.

MASWALI YA KUULIZA BARAZANI

Mgeni akija na msaada, mpokeeni kwa heshima, kisha mwulizeni haya:

1. Je, mmeandikishwa? Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa mwaka 2013, ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Ombeni kuona cheti.

2. Kazi itachukua miaka mingapi, na tarehe ya mwisho ni lini?

3. Mkiondoka, mashine, tangi au ghala litakuwa mali ya nani? Jibu liandikwe na kutiwa sahihi.

4. Nani kati yetu atafundishwa kazi hiyo mpaka aweze kuifanya peke yake?

5. Gharama za matengenezo zitatoka wapi?

Swali la tano ni letu wenyewe. Tangi la kupozea maziwa likiletwa bure, chama cha ushirika kianze siku ile ile kukata senti chache kwa kila lita na kuziweka akiba. Tangi litaharibika siku moja, na fundi hatangoja barua kutoka ng'ambo.

Basi katika mkutano ujao wa chama chenu, katibu na asome orodha ya vitu vyote mlivyopewa na wafadhili, na kando ya kila kimoja aandike kama kinafanya kazi na nani anakitunza. Penye nafasi tupu, chagueni mtu kabla mkutano haujafungwa.