Chama Kisicho na Wanachama

Aliyezoea taratibu za vyama vya dini, vyenye kadi, ada, mwenyekiti na mikutano isiyokwisha, atastaajabu kusikia kwamba huko New York kiko chama chenye asili ya Kikatoliki, The Christophers, kilichoasisiwa mwaka 1945, ambacho hakikuandikisha wanachama, wala kutoza ada, wala kuitisha vikao. Mwasisi wake, Padri James Keller, mzaliwa wa Oakland, California, alikuwa mmisionari wa shirika la Maryknoll, lile lile ambalo mwaka 1946 lilileta mapadri wake Musoma. Ila yeye uwanja wake wa utume ulikuwa Marekani yenyewe.

Keller aliona kwamba watu wachache wenye ghera, wakishika nafasi katika shule, serikali, vyama vya wafanyakazi na meza za waandishi, waweza kugeuza mwendo wa taifa zima. Na ikiwa wakomunisti walilifahamu hilo, kwa nini mwenye imani akae barazani akinung'unikia ufisadi wa zama? Wakatoliki wa huko walikuwa wamezoea njia nyingine, kwani tangu miaka ya 1930 jumuiya ya Legion of Decency iliwataka waumini waweke ahadi ya kuzisusia filamu zilizohukumiwa kuwa chafu. Yeye akashika kaulimbiu ya kwamba heri kuwasha mshumaa mmoja kuliko kulilaani giza.

Hivyo mwaka 1949 zikaanza Christopher Awards, nishani za shaba wanazotunukiwa watunzi wa vitabu, vikiwemo vya watoto, na watengenezaji wa filamu na vipindi vya televisheni, ambao kazi zao huikuza hadhi ya binadamu. Na si lazima kazi hizo ziwe za dini. Nami naona kusifu kilicho chema badala ya kususia kichafu ndiko kwenye busara kubwa, maana nani asiyejua kwamba filamu ikishapigwa marufuku ndipo khalaiki huisaka?

Televisheni nayo haikuachwa: mwaka 1952 chama kilianza kipindi chake. Lakini chombo kinachonivutia zaidi ni kitabu kiitwacho Three Minutes a Day, ambacho kila siku ya mwaka ina ukurasa wake: kisa kifupi, aghalabu cha mtu wa kawaida, kisha aya ya Maandiko na sala ya sentensi moja au mbili, basi. Mwenye kungoja basi kituoni humaliza kabla halijafika.

Mpenda hesabu, bila shaka, atalalamika, kwa kuwa chama kisicho na daftari la wanachama hakina pa kuhesabia waliokifuata. Keller alifariki mwaka 1977, naye daftari hilo hakulifungua.