Je, Wajua? Magari 15 tu huweza kukuza foleni maradufu

Je, wajua kwamba foleni ya tozo huanza kutisha hata kabla kibanda hakijazidiwa?

Chukua Daraja la Nyerere, linalounganisha Kurasini wilayani Temeke na Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 19, 2016. Tuseme dirisha moja linahudumia gari kwa wastani wa sekunde 12, yaani magari 300 kwa saa. Yakija 270 kwa saa bila mpangilio, kama magari yajavyo, hesabu za foleni hutoa wastani wa magari 9 kituoni. Yakija 285, wastani unaruka hadi 19. Magari 15 tu ya ziada, na foleni imepita maradufu!

Hesabu hizi zina umri. Mwaka 1954, Leslie Edie wa mamlaka ya bandari ya New York alichapisha utafiti wa vibanda vya tozo: alipima muda wa kulipa, akahesabu magari, kisha akaonyesha madirisha mangapi yafunguliwe kila saa ili dereva asikae sana na mkusanya tozo asikae bure. Leo programu ya kompyuta hufanya kazi hiyo papo hapo.

Linalonivutia zaidi ni hili: malipo yakishuka hadi sekunde 6, magari yaleyale 285 hubaki na wastani usiofika gari 1 kituoni. Kwa hiyo kabla ya kujenga kibanda kingine, mpangaji apime kwanza ni sekunde ngapi zinapotea dirishani kutafuta chenji.