Kabla ya kumeza kamera, tumbo huandaliwa tangu jioni

Mgonjwa wa Msata anayekwenda Dar es Salaam kuangaliwa tumbo hutoka nyumbani alfajiri. Akishika njia ya Bagamoyo, kuna kilomita 64 za lami hadi Bagamoyo mjini, na njiani ni Kiwangwa yenye mananasi yake. Akipitia Chalinze, wachuuzi humfuata hadi dirishani mwa basi. Kipande cha nanasi tu kinaweza kumrudisha nyumbani bila kipimo, awe anapimwa kwa mpira wenye kamera, ambao ndio wengi wetu tunaukuta hospitalini, au kwa kidonge chenye kamera.

Kidonge hicho kina urefu wa milimita 26 hivi na upana wa milimita 11. Kilibuniwa na mhandisi Gavriel Iddan wa Israel, kikaidhinishwa Marekani mwaka 2001 kwa ajili ya utumbo mwembamba. Huko njia ni nyembamba na utumbo wenyewe hukisukuma. Mfuko wa chakula ni mpana, una mikunjo, na kidonge hubiringika ovyo. Ndiyo maana China wameendeleza sana kidonge chenye sumaku, ambacho daktari hukiongoza kwa sumaku kubwa iliyo nje ya mwili.

Lakini sumaku haisafishi tumbo. Mpira hunyunyiza maji na kufyonza uchafu, kidonge hakiwezi. Povu likifunika kidonda, daktari ataona povu. Kwa hiyo mgonjwa hukaa bila chakula kwa saa 8 au zaidi, kisha hospitalini hupewa simethikoni, dawa ya kuvunja povu. Baada ya hapo hunyweshwa maji, mara nyingi kati ya nusu lita na lita moja, ili mfuko utanuke na mikunjo ikunjuke. Hulazwa kwa ubavu, chali, kisha ubavu wa pili. Anayejua sababu ya maji hayo huyanywa yote. Asiyeelezwa huishia nusu glasi.

Watu wa pwani kufunga tunakujua, ila hapa hakuna daku. Chakula cha mwisho ni cha jioni, tena chepesi. Wapo pia wazee wanaojinyima hata maji tangu jana yake, wakafika hoi. Saa ya mwisho ya kunywa maji iulizwe mapema. Mwenye kisukari asijikadirie insulini ya siku hiyo. Apangiwe na daktari na aombe kupimwa wa kwanza.

Dawa nazo zitajwe zote, pamoja na za miti shamba na zile za duka la dawa. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma hutia weusi ndani ya utumbo, hivyo husimamishwa siku kadhaa kabla. Omeprazoli, ambayo wengi hujinunulia, inaweza kumficha bakteria wa vidonda vya tumbo. Akitafutwa huyo, kwa kawaida dawa hiyo huachwa kwa wiki 2 na antibiotiki kwa wiki 4, kwa maelekezo ya daktari.

Aliyewahi kupasuliwa utumbo, anayemeza kwa shida au mwenye betri ya moyo aseme kabla, kwani kidonge kinaweza kukwama, na sumaku haifai kwa kila mtu. Kwa kawaida kidonge hutoka na haja kubwa ndani ya siku chache. Kabla hakijatoka, mgonjwa asiingie kwenye mashine ya MRI. Na akitapika au tumbo likimsokota, arudi hospitali siku hiyo hiyo.